Vindolanda kinyumenyume: kutoka kumi hadi moja

Ukuta wa Hadrian una sifa, na sifa zake ni za haki. Ni kilomita 117 kutoka pwani hadi pwani, kukata kaskazini mwa Uingereza, kazi iliyoanza mwaka 122 kwa amri ya kaisari Hadrian. Watu hupanda vilima, hupigwa na upepo, hupiga picha, huondoka wameridhika. Haya, waridhike. Ila mwenye siku moja tu ya kutembea Northumberland, akaimaliza yote ukutani bila kushuka Vindolanda, huyo tumpe pole na tumwombee arudi.

Vindolanda iko kusini kidogo ya ukuta, karibu na kijiji cha Bardon Mill. Ilikuwa ngome ya askari wasaidizi wa jeshi la Rumi. Ilijengwa kwa mbao mnamo mwaka 85, ikabomolewa, ikajengwa nyingine juu yake, nayo ikabomolewa, na kazi ikaendelea hivyo hadi ngome tisa zikapandana mahali pamoja, za mwanzo za mbao, za baadaye za mawe. Mgeni wa leo hutembea kati ya misingi ya mawe. Zile za mbao ziko chini ya soli zake, ndani ya tope jeusi, na humo ndimo vilimotoka vitu vinavyoifanya makumbusho ya pale iwe na utamu ambao hekalu la marumaru haliwezi kukupa.

Nitangaze mapema niko upande gani. Ukuta unaeleza kaisari alitaka nini. Vindolanda inaeleza askari alitaka nini, na askari alitaka soksi, bia, likizo na barabara inayopitika. Mimi niko na askari. Tunahesabu kinyumenyume, kumi hadi moja, na mwenye mpangilio tofauti ajitokeze tubishane.

10. Basi la AD122

Basi linalowachukua wageni kando ya ukuta linaitwa AD122, mwaka ule ule ujenzi ulipoanza. Aliyebuni jina hilo anastahili soda baridi na kiti cha dirishani.

Hata hivyo ukishuka Vindolanda, ufute mwaka huo kichwani kidogo. Jiwe la kwanza la ukuta lilipowekwa, ngome hii ilikuwa na karibu miaka 40. Ilikuwa kituo cha barabara ya Stanegate, iliyounganisha Corbridge na Carlisle, na kando ya barabara hiyo jiwe la kuhesabia maili bado limesimama palepale Warumi walipolisimika. Usilipite kwa haraka ya kwenda kwenye mkahawa. Keki zitakungoja.

9. Vijumba vya mviringo na kaisari wa Leptis Magna

Jeshi la Rumi lilipenda pembe mraba. Kambi mraba, mabweni marefu yaliyonyooka, barabara zilizopigwa kamba. Basi wachimbaji walipofika tabaka la mwanzoni mwa karne ya 3 wakakuta nini? Misingi ya vijumba vya mviringo, safu kwa safu, mgongo kwa mgongo, ndani ya eneo la jeshi. Wataalamu wanabishana hadi leo waliolala humo walikuwa wakimbizi, mateka au vibarua, na ubishi huo ni mtamu kuusikiliza, maana kila upande una misingi ileile mkononi.

Zama zenyewe tunazijua: ni za vita vya kaisari Septimius Severus kaskazini mwa Uingereza. Severus alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Katika karne hiyohiyo kikosi cha Wamauri kutoka Afrika Kaskazini kilikaa Aballava, karibu na mwisho wa magharibi wa ukuta. Na upande wa mashariki, katika ngome ya Arbeia, mji wa South Shields, kuna jiwe la kaburi la kijana Victor, Mmauri, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akafa ana miaka 20. Aliyemzika alimpa jiwe lenye nakshi nzuri kuliko waliyopata maofisa wengi, na ukilitazama huwezi kuamini ni mazishi ya kutimiza wajibu tu.

Kwa hiyo anayedhani Mwafrika wa kwanza kuilalamikia baridi ya Uingereza aliteremka melini baada ya Vita Kuu ya Pili, arudi nyuma karne kumi na saba ndipo aanze kuhesabu.

8. Kofia ya kuvumwani

Fupi hii. Ni kofia iliyosukwa kwa nyuzi za kuvumwani, ina ukingo wa nyuzi zinazoning'inia. Wapo wanaodhani ilivaliwa kuzuia usubi. Aliyewahi kuketi nje jioni ya kiangazi katika nchi ile atawaunga mkono, akimaliza kujipiga makofi.

7. Kiti cha choo

Msicheke. Haya, chekeni kidogo, kisha tuendelee.

Mwaka 2014 wachimbaji walitoa kwenye matope kiti cha choo cha mbao, chenye tundu lake, kilicholainishwa na makalio ya watu waliokufa miaka 1,900 iliyopita. Vyoo vya Kirumi vya mawe vimejaa tele katika magofu ya dola yote, kuanzia Uturuki hadi Afrika Kaskazini; hiki cha mbao kilitangazwa kuwa cha kwanza cha aina yake kupatikana. Fikiria jiwe la Northumberland mwezi wa Januari, alfajiri, na wewe umevua nguo. Fundi aliyechonga ubao ule aliwahurumia binadamu wenzake kuliko seneti nzima ya Rumi.

Ninakipenda kwa sababu nyingine pia. Vitabu vya historia hutuambia Warumi waliishi "kwa utaratibu", na neno hilo halina umbo. Kiti hiki kina umbo. Mtu alipima, akakata, akapiga randa, akajaribu mwenyewe, akapunguza penye kuchoma. Huo ndio utaratibu ukiwa kazini.

6. Jiwe la Secundinus

Mwaka 2022 mchimbaji wa kujitolea aligeuza jiwe lenye urefu wa sentimita 40 hivi akakuta limechongwa uume, na pembeni jina la Secundinus pamoja na neno la Kilatini ambalo, kwa heshima ya wanaosoma huku wanakula, nitasema linahusu shughuli za namba saba.

Kwa Warumi picha ya uume mara nyingi ilikuwa ya kuleta bahati na kufukuza husuda, na ziko nyingi kando ya ukuta ule. Hii si ya bahati. Herufi zimechimbwa kwa kina, na kila herufi ilidai nyundo, patasi na muda. Matusi ya watani husemwa msibani yakaishia msibani. Huyu alitaka ya kwake yadumu, na yamedumu karne kumi na nane! Secundinus, popote ulipo, tunakiri kwamba tumesikia upande mmoja tu wa kesi.

5. Glavu za ndondi

Ndondi za Warumi tunazijua kwa sanamu na michoro: wababe wenye pua zilizovunjika na mikanda ya ngozi mikononi. Glavu zenyewe zilikuwa hazijaonekana, mpaka mwaka 2017, katika bweni la wapanda farasi la mwanzoni mwa karne ya 2, zilipotoka mbili. Si jozi. Moja kubwa, moja ndogo, na hazifuniki mkono mzima. Ni vipande vya ngozi vilivyoshonwa kama kitanzi na kujazwa ndani, vya kukinga vifundo vya vidole. Ile kubwa imetiwa kiraka. Ngozi ya mojawapo bado ina alama ya vifundo vya aliyeivaa.

Waliozisoma wanasema ni za mazoezi, si za ulingoni, kwa kuwa ujazo wake ni wa kupunguza makali ya ngumi. Naona hilo linaongeza thamani yake. Pambano la ulingoni lina watazamaji na mshindi. Mazoezi yana marafiki wawili, jioni isiyo na kazi, na kiraka alichoshona mtu asiyetaka kununua nyingine. Bweni hilohilo lilitoa pia panga za chuma na vipanga vya mbao vya kuchezea watoto. Ndiyo, watoto. Ndani ya bweni la jeshi. Shikilieni hapo, tunakwenda nalo namba ya nne.

4. Viatu

Ukiingia makumbusho, ukuta wa viatu utakusimamisha. Vindolanda imetoa maelfu ya viatu vya ngozi, na katika mwaka 2016 peke yake mtaro mmoja wa ulinzi wa mwanzoni mwa karne ya 3 ulitoa viatu 421. Vingine vina soli yenye misumari ya chuma, vingine vimetobolewa kwa urembo juu ya mguu hadi unatamani kuuliza bei. Viko vya wanaume, viko vya wanawake, na viko vidogo vya kukaa kwenye kiganja.

Hivyo vidogo vimewasumbua sana wanahistoria, tena usumbufu wa heri. Kwa sheria ya Rumi, hadi zama za Septimius Severus, askari wa kawaida hakuruhusiwa kuoa akiwa jeshini. Wasomi wa zamani waliichukua sheria neno kwa neno wakachora ngome ya wanaume watupu: askari, farasi, mkuki, basi. Sheria ikisema hakuna wake, hakuna wake! Kisha likaja tope na kutoa kiatu cha mtoto mchanga ambaye hajaanza hata kutembea vizuri. Kiatu kikitoka kwenye nyumba ya mkuu wa kikosi unaweza kusema sawa, mkuu aliruhusiwa kuja na familia. Lakini vilitoka mabwenini pia. Serikali ilikataza ndoa, na watu wakaendelea kupendana, kuzaa, na kumnunulia mtoto viatu. Nikiulizwa ni chombo gani cha akiolojia kimewahi kuishinda sheria ya dola mahakamani, nitajibu ni kiatu hiki.

Kiangalie pia kiatu cha ndani cha mwanamke, chembamba, cha kifahari, chenye mhuri wa aliyekitengeneza: Lucius Aebutius Thales, mwana wa Titus. Mhuri juu ya ngozi, jina zima, ili ujue umevaa cha nani. Kilipatikana kwenye nyumba ya mkuu wa kikosi, na wengi huamini kilikuwa cha bibi wa nyumba hiyo, Sulpicia Lepidina. Kimekatika mshipi ndipo kikatupwa. Mlikumbuke jina la Lepidina.

Na kwa wanaopenda makubwa: katika ngome jirani ya Magna, inayosimamiwa na taasisi ileile, mwaka 2025 walitoa kiatu chenye soli ya zaidi ya sentimita 32. Aliyekivaa, mlango wa bweni ulimjua kwa kichwa.

3. Pilipili ya Gambax

Namba hii ni ya watu wa pwani, kaeni mkao wa kula.

Miongoni mwa maandishi ya Vindolanda (msiwe na haraka, maandishi yenyewe yana kiti chake mbele) kuna orodha ya vitu walivyonunua askari, na mmoja wao, Gambax mwana wa Tappo, ameandikiwa pilipili ya dinari mbili. Ni pilipili manga. Askari wa jeshi kamili, legioni, siku zile alilipwa dinari 300 kwa mwaka, na askari msaidizi kama Gambax alipata pungufu yake. Kwa hiyo dinari mbili hazikuwa chenji ya mfukoni.

Sasa ifuate pilipili ile kurudi ilikotoka. Pilipili manga iliota Malabar, kusini magharibi mwa India. Merikebu ziliondoka bandari za Misri kwenye Bahari ya Shamu mwezi wa Julai, zikaingia bahari kuu, zikasukumwa na upepo wa Kusi hadi India. Zikapakia, zikangoja, zikarudi na Kaskazi. Bandarini Berenike, katika jangwa la Misri, wanaakiolojia walikuta mtungi wenye kilo kadhaa za pilipili ndani ya hekalu. Kutoka hapo ngamia hadi mto Nile, mashua hadi Alexandria, meli hadi Ulaya, na mabega ya watu na wanyama hadi kilima chenye mvua ambapo Gambax alitaka mchuzi wake uwe na ladha.

Pepo zile ni zetu. Mwandishi wa Kigiriki wa karne ya 1, mtu wa biashara aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi uitwao Periplus, anaeleza njia ya India na, katika kitabu hichohicho, njia ya kushuka pwani ya Azania hadi soko la Rhapta, ambako mabaharia walichukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, wakaleta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Azania ni pwani hii ya Afrika Mashariki. Nahodha aliyesubiri Kaskazi arudi Misri na pilipili, na nahodha aliyeitumia Kaskazi kushuka Rhapta, walisoma anga moja.

Mpishi wa Mombasa anayetia pilipili manga kwenye pilau na askari wa Vindolanda wana jambo la kuzungumza. Na nina hakika mpishi angemwambia ameiweka kidogo.

2. Tope, na watu wanaolipenda

Tope linastahili medali. Vitu vya mbao, ngozi na nguo huoza, na katika ngome nyingi za Kirumi umebaki ufinyanzi, chuma chenye kutu na mifupa. Vindolanda ilipata bahati iliyotokana na tabia ya kijeshi. Kila kikosi kilipohama kilibomoa majengo, na waliofuata wakasawazisha uwanja kwa udongo wa mfinyanzi na mabamba ya nyasi kabla ya kujenga upya. Kilichokuwa chini kikazibwa, maji yakajaa, hewa ikakosa njia, na vijidudu vya kuozesha vikakosa pumzi. Vitu vikitoka humo hutoka na rangi yake na hata harufu yake. Vingine hutoka na madoa ya buluu kali, buluu ya kanga mpya, kwa sababu ya madini yaitwayo vivianiti yanayojengeka mahali pasipo na oksijeni.

Watu wa tope nao wana historia. Kasisi Anthony Hedley alichimba hapa mwanzoni mwa karne ya 19, akajenga nyumba ya Chesterholm bondeni ili alale karibu na mitaro yake. Nyumba hiyo sasa ni sehemu ya makumbusho. Mwaka 1929 mwanahistoria Eric Birley alinunua shamba hili. Mwanawe Robin akaja kuongoza uchimbaji, na Vindolanda Trust, taasisi ya hisani inayosimamia mahali hapa, ikaanzishwa mwaka 1970. Mke wa Robin, Patricia, alizihudumia ngozi na vitu vingine vilivyotoka, kazi ya subira kuliko uchimbaji wenyewe, maana kiatu kilichokaa majini karne kumi na tisa ukikianika tu kitajikunja na kuvunjika. Leo anayeongoza ni Andrew, mwana wao. Familia nyingine hurithishana nyumba ya ghorofa. Hawa wamerithishana shimo, na ndilo shimo lenye faida kwa dunia nzima.

Bora zaidi, shimo lenyewe liko wazi mbele ya macho. Kuanzia Aprili hadi Septemba, watu wa kujitolea, wapya kwa wazoefu, hulipia nafasi ya kuja kupiga magoti kwenye matope, na nafasi hizo hugombewa. Mgeni anasimama pembeni ya kamba na kuwauliza: umepata nini leo? Waulizeni! Mtu aliyeshinda kwenye mvua akikwaruza ardhi kwa mwiko anatamani kuulizwa kuliko kitu chochote.

Liko jambo moja halina utani. Tope hili linafanya kazi likiwa limelowa. Majira ya kiangazi yakizidi kuwa makavu na mvua zikinyesha kwa kishindo, udongo hupasuka, hewa hupenya, na kilichodumu karne kumi na tisa huweza kupotea bila mtu kujua kilikuwepo. Huko Magna wameanza tangu 2023 mradi wa miaka mitano wa kuchimba huku wakipima unyevu na hali ya udongo, kwa sababu hiyohiyo. Wanashindana na ukame, na ukame hauna mapumziko ya chai.

1. Barua

Machi 1973, Robin Birley alikuwa akichimba mtaro alipookota vipande vyembamba vya mbao vilivyogandamana, vya kufikirika ni maranda ya seremala. Alipovibandua, ndani kukawa na alama za wino. Wino ukaanza kufifia mbele ya macho yake kwa kukutana na hewa. Ilibidi picha za infraredi zipigwe ndipo maandishi yakajitokeza, na wasomi Alan Bowman na David Thomas wakatumia miaka kuyasoma.

Mnajua kibao cha kwanza kilisema nini? Si amri ya vita, si jina la kaisari. Mtu alikuwa anamweleza mwenzake kwamba amempelekea soksi, ndara jozi mbili na chupi mbili. Miaka mingi watu walijiuliza Mrumi mwenye miguu wazi aliwezaje baridi ile. Jibu lilikuwa kwenye mzigo.

Tangu hapo vimetoka vibao zaidi ya elfu moja, vya ukubwa wa kadi ya posta, vyembamba kama ganda, vimeandikwa kwa kalamu na wino wa masizi. Humo mna sauti nyingi kuliko zinavyotosha hapa, basi nichague.

Kuna hesabu ya kikosi kiitwacho Kohorti ya Kwanza ya Watungri, watu waliotoka upande wa Ubelgiji ya leo. Tarehe 18 Mei, jumla yao ni 752. Kati yao 456 hawapo kambini: 337 wako Coria, 46 wanamlinda liwali, akida mmoja yuko London, na wengine huku na kule. Waliobaki ni 296. Humo toa 31: wagonjwa 15, majeruhi sita, na kumi wanaoumwa macho. Wazima ni 265, akiwemo akida mmoja tu kati ya sita. Mpakani mwa dola kubwa kuliko zote Ulaya! Kila aliyewahi kujaza daftari la mahudhurio ataisikia pumzi aliyoishusha mwandishi alipofika kwenye jumla.

Kuna Octavius, mfanyabiashara, anayemwandikia Candidus, akimwita ndugu. Amenunua nafaka vipimo vya modii 5,000, anataka apelekewe dinari 500 upesi la sivyo atapoteza alizotanguliza na ataaibika. Na ngozi zilizoko Catterick? Angekwisha kuzifuata, ila hakutaka kuwatesa wanyama wakati barabara ni mbovu. Nimesoma falsafa za Warumi na hotuba zao bungeni. Hakuna iliyonikaribisha kwao kama sentensi hiyo ya barabara.

Kuna Masclus, kiongozi wa wapanda farasi, aliyemwandikia mkuu wake Flavius Cerialis kuuliza maagizo ya kesho: warudi wote au nusu? Na baada ya kazi ya serikali kumalizika, akaongeza kwamba wenzake hawana bia, tafadhali iagizwe. Mwaka 2017 vilipotoka vibao vingine 25, jina la Masclus likarudi: safari hii anaomba likizo. Karibu tena, Masclus. Tulikuwa tunakusubiri.

Na tusiwapambe. Kibao kimoja kinawadharau Waingereza wenyeji kwa jina la kuwafanya vijitu tu. Kingine ni malalamiko ya mtu aliyetoka ng'ambo ya bahari, aliyechapwa fimbo mpaka damu, anayedai haki kwa sababu hakuwa na kosa. Tope lilihifadhi kilio chake palepale lilipohifadhi bia, na makumbusho inayoonyesha kimoja bila kingine ingekuwa inatudanganya.

Sasa yule bibi. Cerialis alikuwa mkuu wa Kohorti ya Tisa ya Wabatavi, watu wa Uholanzi ya leo, na Sulpicia Lepidina alikuwa mkewe. Mnamo mwaka 100 alipata barua kutoka kwa Claudia Severa, mke wa Aelius Brocchus, mkuu wa ngome nyingine. Severa anamwalika siku yake ya kuzaliwa, tarehe 11 Septemba: njoo, ukija siku itakuwa njema zaidi kwangu. Msalimie Cerialis. Aelius wangu anatuma salamu, na mwanangu mdogo pia.

Sehemu hiyo imeandikwa na karani, kwa mwandiko ulionyooka wa mtu wa ofisini. Pembeni chini mwandiko unabadilika. Severa amechukua kalamu mwenyewe. Herufi zake zinasitasita, zinapanda na kushuka, naye anaongeza kwamba atamngoja Lepidina, akimwita dada, anamtakia heri, anamwita roho yake mpendwa. Ni mojawapo ya maandishi ya Kilatini ya kale kabisa yanayojulikana kuwa ya mkono wa mwanamke, na ameyatumia kumwambia rafiki amemkumbuka. Angeweza kumwachia karani amalizie. Hakumwachia.

Wabatavi walipohamishwa mwaka 105, makaratasi ya nyumba ya mkuu yalitupwa kwenye moto, na moto ukazimika kabla ya kumaliza kazi. Mvua ya Northumberland inasingiziwa wema huo, na mimi naitetea: hakuna mvua iliyowahi kuokoa barua nyingi hivyo.

Barua ya Severa iko London, British Museum, ambako vibao vingi vimetunzwa. Baadhi ya vibao vimerudi Vindolanda kwa mkopo na vinaonyeshwa kwenye makabati ya hewa iliyodhibitiwa. Kwa hiyo panga safari zote mbili. Na ukiweza kuchagua tarehe ya kwenda kaskazini, nenda 11 Septemba: msimu wa uchimbaji bado haujafungwa, usubi wamepungua, na ni siku ya kuzaliwa ya Claudia Severa. Bebeni soksi.